Sababu ya Ombi (Tumia Mistari Mitatu)

Ndugu Mratibu wa Mazoezi ya Kufundisha,
fomu yako imenipa mistari mitatu
nami nimeshaharibu fomu mbili.

Ya kwanza niliandika: karibu na nyumbani,
nitapunguza gharama za malazi.
Ni kweli, ila ni ukweli wa kuvalia kanisani,
ukirudi nyumbani unauvua.

Wenzangu walimaliza zamani.
Shamimu kachagua Majengo, kwa sababu ya umeme.
Lomayani anataka Arusha mjini, kwa shangazi yake
mwenye maji ya moto bombani.
Wananiuliza: Kahe? Kahe kuna nini?
Kuna jua, nawajibu. Kuna mpunga, kuna reli
iliyogawanyika, mkono mmoja Tanga, mwingine Taveta.
Mlima upo pia, lakini kwa mbali,
kama ndugu aliyefanikiwa.

Ya pili niliandika: shule haina mwalimu wa fizikia.
Nayo ni kweli.
Ina maabara yenye kufuli, na ufunguo wake
umo na wenzake kumi na mmoja kwenye pete ya waya,
kiunoni, kwenye suruali ya kaki.
Mwenye suruali ni baba yangu.

Sasa naandika nyuma ya karatasi.

Miaka kumi na tisa Ndelilio Mlay
anagonga rimu ya trekta
iliyoning'inizwa kwenye boriti ya stoo.
Akigonga, jiografia inatoka, hesabu inaingia,
naye anabaki nje na nondo yake mkononi.
Nilipokuwa darasa la tano aliniuliza, taa imeshazimwa:
"Mle ndani, kati ya kengele na kengele,
huwa mnafanya nini hasa?"
Nikamjibu: "Tunanakili ubaoni."
Akasema, "Ahaa."
Ile ahaa sijaisahau.

Nataka agonge, niingie mimi.
Nifungue madirisha ya upande wa stoo,
nifundishe mawimbi ya sauti:
chuma kinatikisika, hewa inasukumana,
punje kwa punje, kama watu kwenye foleni ya mahindi,
hadi kishindo kibishe hodi sikioni.
Najua, natakiwa kufundisha kwa Kiingereza.
Nitafundisha.
Ila siku moja, mkaguzi akiwa hayupo,
mfano mmoja utaniponyoka kwa Kiswahili
na kutokea dirishani.

Jumapili nikampigia simu.
Alinyamaza. Nikasikia funguo.
"Usije," akasema.
"Mwalimu akiingia getini mimi husimama, huvua kofia.
Wewe je? Nikivua, nimeuvua na ubaba.
Nisipovua, nimekushusha mbele ya wanafunzi wako.
Halafu hiyo shikamoo, Aikande, watoto wakitutazama,
nani amwamkie nani?"

Tumesoma saikolojia, Mratibu.
Tumesoma azimio la kazi, andalio la somo,
namna ya kushika chaki isilie.
Hili la getini halikufundishwa,
au lilifundishwa siku niliyougua malaria.

Nikasema, "Nitakuamkia mimi, baba. Kwa sauti."
Akasema vocha inakwisha.
Aliyepiga ni mimi.

Siku tatu fomu imelala chini ya godoro.
Nilikuwa nimeshaanza kuandika Majengo,
nimefika kwenye herufi ya je,
leo alfajiri ukaingia ujumbe, herufi kubwa tupu,
bila salamu:

GETI LA NYUMA LILIKUWA NA KUTU.
NIMELITIA OILI.

Nimeusoma mara nne.
Sijui kama ni karibu au ni sharti.
Nitapita la mbele, naye anajua nitapita la mbele,
na bado amelitia oili.

Kwa hiyo fomu ya tatu ndiyo hii, ina alama ya godoro, naomba radhi.
Chaguo la kwanza: Kahe. La pili: Kahe.
La tatu nimeacha wazi, kwa heshima ya ofisi.
Na kwenye mistari yako mitatu, upande wa mbele,
nimeandika: karibu na nyumbani.
Mistari miwili imebaki.